Memori imeenda wapi? Iulize kerneli kwa slabtop

Wateja wangu wengi wana maduka ya vipuri Kirinyaga Road, na simu zao hufanana: "Fundi, mashine imejaa memori, nishuke Luthuli, kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta, ninunue RAM?" Ngoja kwanza, mzee. Kabla pesa haijatoka, tuiulize kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, imeshika memori kwa ajili gani.

Dalili ni hii: unafungua top, programu inayoorodhesha programu zinazoendeshwa, unajumlisha safu ya RES, na hesabu haikaribii gigabaiti ambazo haziko huru. Hakuna mwizi. RES ni memori ya programu. Ile ambayo kerneli imejitengea haimo kwenye orodha hiyo. Basi andika:

grep -E 'MemAvailable|Cached|Slab|SReclaimable|SUnreclaim' /proc/meminfo

Faili hiyo haiko kwenye diski. Kerneli hutunga jibu papo hapo unapoisoma. MemAvailable ni memori ambayo programu bado zinaweza kupata. Cached ni akiba ya yaliyomo kwenye faili, nayo ni ya kawaida kabisa. Slab ndiko kerneli inakotunza vitu vyake vidogo vidogo, kama njia za faili na soketi za mtandao. Mbinu hii Jeff Bonwick wa Sun Microsystems aliieleza mwaka 1994, na Linux ikaifuata.

SReclaimable ikiwa kubwa, tulia. Kerneli huiachilia programu zikihitaji nafasi. SUnreclaim ikipanda kila siku bila kushuka, hapo kuna kazi. Kwa vyovyote, majina ya akiba zilizojaza Slab, yaani makundi ya vitu vya aina moja, utayapata kwa programu ya slabtop:

sudo slabtop -o -s c | head -n 20

Bila sudo utanyimwa, maana /proc/slabinfo humfungukia root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, peke yake. "-s c" hupanga kwa ukubwa wa akiba, na "-o" huchapa mara moja na kutoka. Ukiiacha "-o", skrini hujisasisha kila sekunde 3 mpaka ubonyeze q.

Huu hapa mstari wa juu kutoka seva ya duka moja:

1843296 1790412 97% 0.19K 87776 21 351104K dentry

Soma kutoka kushoto. Nafasi zilizotengwa ni 1843296, zinazotumika ni 1790412, yaani asilimia 97. Kila moja ni baiti 192, na 21 hukaa kwenye ukurasa mmoja, yaani kipande cha memori cha kilobaiti 4. Kurasa 87776 ukizidisha kwa 4 unapata 351104K, karibu megabaiti 343. Dentry ni njia za faili ambazo kerneli imezikumbuka ili isirudi diski kila mara. Hapo dukani kulikuwa na bekapu ya usiku iliyopitia picha zote za risiti, moja baada ya nyingine, kwa hiyo ext4_inode_cache, akiba ya inode (rekodi za maelezo ya kila faili), nayo ilikuwa mstari wa pili. RAM mpya ingejazwa vilevile.

Safu ya asilimia isikupite. Fikiria trei ya mayai 30: hata likibaki yai moja, trei bado imekalia meza. Ukiona akiba kubwa yenye asilimia 20, kerneli imeshika kurasa nyingi kwa vitu vichache.

Ukitaka kuthibitisha kwamba nafasi inarudishika:

sync; echo 2 | sudo tee /proc/sys/vm/drop_caches

Namba 2 huachilia dentry na inode. Kuna mafundi wanaoiweka hii kwenye kroni, ratiba ya amri zinazojiendesha, kila saa, nami sikubaliani nao hata kidogo. Kerneli italazimika kusoma diski upya, na kama ni diski ya kuzunguka, keshia atakaa akiitazama skrini huku foleni inarefuka. Ni ya kupimia tu.

Kwa SUnreclaim inayopanda, hifadhi matokeo ya slabtop kila asubuhi kwenye faili yenye tarehe, kisha linganisha. Mara nyingi akiba inayokua huitwa kmalloc-512 au jina kama hilo, lisilokuambia kitu. Pia kerneli huunganisha akiba zinazofanana ukubwa, kwa hiyo jina unaloona huenda limebeba mizigo ya wengine. Ongeza slab_nomerge kwenye mstari wa kuwashia kerneli ndani ya GRUB (programu inayoiwasha kerneli), uwashe upya, zitatengana. Mimi huanza kushuku draiva zilizoongezwa kutoka nje, kisha naandika jibu la uname -r, yaani toleo la kerneli, kando ya kila rekodi, kwa sababu uvujaji mwingine wa memori huondoka na sasisho la kerneli.