Kupanda mlima Ngozi mpaka ulione ziwa lenyewe, sio ukungu

Wakuu, mtu akiuliza njia ya kwenda Ziwa Ngozi wengi wanamuelekeza barabara tu basi, anaenda, anapanda, anafika juu anakuta weupe mtupu kila upande, anapiga picha ya ukungu anashuka. Na ziwa lilikuwa pale pale, chini yake mita kama mia mbili. Inaniuma sana hii, mtu katoka Dar au Dodoma na nauli yake. Kwahiyo hapa nitapanga safari nzima kwa kufuata kitu kimoja tu: ukifika juu uwe na muda wa kukaa na kusubiri. Ukungu wa milima ya Uporoto huko Mbeya hautulii, unakuja unaondoka, unaweza kufunguka dakika kumi ukaona ziwa lote na kuta zake halafu ukafunga tena, na anayeliona ni yule aliyekaa.

Kwanza ujue unaenda wapi. Ngozi (wengine wanaandika Ngosi) ni mlima wa volkano kwenye safu ya Uporoto, ukitoka Mbeya mjini unashika barabara ya Tukuyu. Kilele chake kina mita 2,620, sio mrefu ukiulinganisha na jirani yake Rungwe mwenye mita 2,960. Ila huku juu kuna ukingo, sio ncha. Mlima ulilipuka zamani sana sehemu ya juu ikaporomokea ndani, likabaki shimo kubwa lenye kuta zilizosimama wima, na humo ndani ndimo lilimo ziwa, urefu kama kilomita mbili na nusu na upana zaidi kidogo ya kilomita moja na nusu. Hakuna mto unaouona ukitoka. Wataalamu wanaweka mlipuko wa mwisho karibu na mwaka 1450, na chini bado kuna joto, ndio maana TGDC, kampuni ya serikali ya kuendeleza jotoardhi, wanautafiti mlima huu kwa ajili ya umeme wa jotoardhi.

Msimu sasa. Wilaya ya Rungwe ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa Tanzania, inaanza Novemba na inakwenda mpaka Mei, na Aprili njia inakuwa utelezi mtupu. Nenda Juni mpaka Oktoba. Juni na Julai kuna baridi kali asubuhi, wenyeji wa Isongole, pale njiani chini ya mlima, utawakuta na makoti mazito na wewe usione aibu kuvaa hivyo. Mimi ningemshauri mtu Septemba, njia imekauka na baridi imepungua, ingawa kuna vumbi na moshi wa mashamba unaweza kufifisha upeo wa mbali.

Usiku wa kuamkia safari lala Mbeya au Tukuyu, usitoke mbali siku hiyo hiyo. Saa 12 asubuhi uwe stendi, ukitoka Mbeya magari ya Tukuyu na Kyela yanapita Uyole, njia panda ya nje ya mji (ukitoka Tukuyu panda ya Mbeya), panda kosta au noa yoyote mwambie konda akushushe Mchangani karibu na Isongole, njia ya Ngozi. Makonda wanapajua. Kukaa upande gani haijalishi, ila ukipanda kutoka Uyole angalia nje, mashamba ya viazi, kabichi na pareto yamepanda milima mpaka huko juu, ni kuzuri jamani.

Pale barabarani mambo mawili. Kiingilio, huu ni msitu wa hifadhi chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na malipo ya serikali ni kwa namba ya malipo sio kumpa mtu hela mkononi, kwahiyo hakikisha simu ina salio na beba kitambulisho maana mgeni na mwananchi hawalipi sawa. La pili ni mtu wa kukuongoza. Njia ya msituni inaonekana, lakini kuna vijia vya wakata kuni na mianzi vinavyochepuka, na ukungu ukishuka vyote vinafanana. Chukua kijana wa pale kijijini, mkubaliane bei kabla hamjaanza kutembea, na mwambie mapema kabisa kwamba mkifika juu mtakaa, sio kugusa na kurudi, ili naye ajipange. Ukipishana na wazee njiani toa shikamoo, wanakujibu vizuri na mara nyingi wanakwambia hali ya njia ikoje leo.

Kutoka lami mpaka msitu unapoanza ni kilomita kadhaa za barabara ya vumbi katikati ya mashamba. Ukiwa na nguvu tembea, ni kipande kizuri cha kupasha miguu joto, ila kama umechelewa panda bodaboda bila kujiuliza, hiyo hela unanunua muda wa kukaa juu. Wakati wa mvua boda nazo zinakwama.

Msituni ndio kazi yenyewe. Mwanzo ni mwinuko wa kawaida chini ya miti mikubwa, kuna migomba mwitu yenye majani mapana kweli, halafu mianzi, halafu ghafla njia inasimama wima. Hapo utatumia mikono, unashika mizizi unajivuta. Kanuni yangu ni moja, shika mzizi ulio hai, ule mkavu uliooza unakatika ukiwa umeuamini. Mianzi nayo iangalie kabla ya kuishika, iliyokatwa ina ncha kali zinachana mkono. Vaa suruali ndefu na mikono mirefu, yapo majani yanayowasha pembeni. Tembea taratibu mpaka uweze kuongea na mwenzako bila kuhema, hasa ninyi wa pwani, Mbeya yenyewe ipo juu mita kama 1,700 na huku umeshapanda zaidi, kifua kitakwambia. Kutoka mwanzo wa msitu weka saa moja mpaka saa moja na nusu, kama kuna watoto wakubwa au mtu wa makamo ongeza.

Ukisimama kupumzika tazama juu, mbega weusi wenye manyoya meupe wapo, na kwenye matawi kuna vinyonga, wakiwemo wale wenye pembe tatu ambao ni wa milima hii ya Uporoto na Rungwe. Usiwashike, na usikubali mtu akukamatie ili upige picha. Mnyama mwenye eneo dogo hivi duniani akisumbuliwa kila siku na wageni atakwisha.

Viatu. Raba zenye soli laini hazifai, utateleza kila hatua wakati wa kushuka. Viatu vya kupandia milima vikiwepo sawa, visipokuwepo buti za mvua za shambani zenye meno mapya zinafanya kazi vizuri kuliko raba ya bei mbaya, waangalie wenyeji wamevaa nini. Omba fimbo kwa kijana wako, yeye anajua ya kuchukua wapi bila kuharibu msitu.

Kwenye begi weka maji lita mbili kila mtu, maji ya ziwa yana chumvi na huwezi kuyafikia kirahisi hata hivyo. Chakula cha kukaa nacho, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga. Sweta kavu iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki wa kudumu, hii ni muhimu kuliko kamera yako, kwa sababu utafika juu umelowa jasho na ukikaa dakika tano upepo ukikupiga unaanza kutetemeka, na anayetetemeka hasubiri ukungu ufunguke, anashuka. Koti la mvua hata Agosti. Tochi pia, sio ya simu.

Sasa umefika ukingoni, tuseme saa 4 asubuhi. Badilisha nguo kwanza, kisha kula, kisha kaa mbali na ukingo maana nyasi zimefunika sehemu ambazo chini yake hakuna ardhi. Kama kumefunga, subiri mpaka saa 7 mchana kabisa. Likifunguka utaona maji ya kijani kibichi yametulia huko chini na msitu umeyazunguka pande zote. Wazee wa Kisafwa na Kinyakyusa wanaliheshimu ziwa hili na simulizi zake ni nyingi, muombe kijana akusimulie wakati mnasubiri, na mawe usirushe.

Kushuka mpaka majini watu wanafanya, mimi nasema hapana kwa mtu anayekwenda kutembea tu. Ukuta umesimama, udongo unakatika, na kumtoa aliyevunjika mguu kule chini ni kazi ya siku nzima. Halafu maeneo haya ya volkano yanatoa hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayovunwa huko Rungwe kwa ajili ya viwanda vya soda, ni nzito inatulia kwenye mashimo na haina harufu. Ukikuta shimo au kibonde kina ndege au panya waliokufa usiingie, usiiname kuchungulia, ondoka.

Kurudi anza saa 8 mchana hata kama bado hujashiba kuangalia. Kwenye mwinuko mkali geuka shuka kinyumenyume kama unashuka ngazi, uso kwenye mlima, mikono kwenye mizizi, mmoja mmoja bila kufuatana karibu ili jiwe likichomoka lisimpige wa chini. Watu wanaumia kwenye kushuka, wamechoka na wanakimbilia gari. Ukitoka saa 8 unafika lami saa 11 bila haraka, magari ya kutoka Tukuyu kwenda Mbeya bado yanapita, mengine yamejaa, kwahiyo kama matatu yamekupita vuka barabara panda linaloshuka kwenda Tukuyu, ukapate siti ya kurudi Mbeya pale Tukuyu stendi.