Kumuuguza nyumbani aliyepasuliwa saratani ya puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana): namna ya kugundua maambukizi mapema

Hesabu siku 30 tangu siku ya upasuaji. Ndani ya muda huo, badiliko lolote la hali lichukuliwe kwa uzito.

1. Kabla hamjatoka wodini

Uliza jambo moja: utumbo umeunganishwa, au njia ya haja kubwa imeondolewa na kushonwa? Kwa aliyeunganishwa, tazama zaidi hatua ya 3. Kwa aliyeshonwa, hatua ya 4. Chukua na namba ya simu ya wodi.

2. Daftari

Asubuhi na jioni andika joto na mapigo ya moyo. Pima joto kwapani kabla ya kumpa parasetamoli, kwa sababu dawa hiyo hushusha homa na utaandika namba ya uongo. Kiganja kwenye paji la uso si kipimo. Mapigo yahesabiwe sekunde 60 kamili, akiwa ametulia.

3. Kuvuja kwa kiungo cha utumbo

Ncha mbili za utumbo zilizounganishwa zisiposhikana vizuri, kinyesi huvujia ndani ya nyonga. Mara nyingi hujitokeza kati ya siku ya 5 na ya 7, lakini huweza kuchelewa hata wiki ya tatu, watu wakiwa wameshamaliza kushukuru kwamba amepona. Kiungo kikiwa chini sana, karibu na njia ya haja kubwa, hatari huongezeka. Vivyo hivyo kwa mvuta sigara na kwa aliyepigwa mionzi kabla ya upasuaji.

Kosa baya ni kusubiri tumbo likakamae na homa ipande. Usaha ukikusanyika chini nyongani, tumbo linaweza kubaki laini kabisa. Tafuta dalili ndogo: mapigo kuzidi 100 akiwa amepumzika, kwikwi isiyokoma, tumbo kujaa, hamu ya chakula iliyokwisha kurudi kupotea tena, maumivu ya makalio au ya kiuno, mkojo kugoma, haja ya kwenda chooni kila mara huku kinachotoka ni majimaji yenye harufu mbaya. Ukiona mbili kwa pamoja, nendeni siku hiyohiyo hospitali iliyompasua. Homa ya 38 au zaidi haihitaji mwenzake: nendeni. Asile njiani, maana huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Antibayotiki za kununua dukani zisimguse. Hupoza dalili na tundu likabaki wazi.

Mambo mawili huchanganya watu. Mfuko wa muda wa tumboni, unaopokea kinyesi, hauzuii kuvuja, hupunguza madhara yake tu. Na mwenye mfuko akitokwa na ute mweupe kwa njia ya kawaida, hilo si tatizo. Usaha au damu ndilo tatizo.

Enema (maji ya kusafisha utumbo kwa nyuma) isitumike, wala dawa ya kuingiza nyuma, mpaka daktari wa upasuaji aruhusu.

4. Kidonda cha chini

Hiki, cha pale njia ya haja kubwa iliposhonwa, hupona polepole, hasa baada ya mionzi. Kioshe kwa maji safi, kikaushe kwa kugusagusa, badilisha gozi kila linapolowa. Spirit na Dettol ziache: huunguza nyama changa. Akae juu ya mto laini dakika 20, kisha alale ubavu. Usimnunulie mto wa duara wenye tundu, hutanua mshono. Kuchuchumaa nako huuvuta, hivyo mtafutie kiti cha choo.

5. Mfuko

Tundu la bamba linaloshika mfuko kwenye ngozi lizidi stoma (mdomo wa utumbo uliotolewa tumboni) kwa milimita 2 hadi 3. Pima upya kila wiki, kwa kuwa stoma husinyaa. Mwaga mfuko ukifika theluthi. Stoma nyekundu ni nzima. Ikigeuka nyeusi, hospitali. Mfuko wa utumbo mwembamba ukitoa zaidi ya mililita 1,500 kwa siku, mpe ORS mkiwa njiani kwenda hospitali, figo zisije zikaumia. Madafu hayatoshi, chumvi yake ni kidogo.

6. Mpira wa mkojo

Mfuko wake uwe chini ya kibofu wakati wote, usiguse sakafu.