Jinsi ya Kuombea Zahanati ya Mtaa Ukarabati Katika Bajeti ya Kaunti ya Mombasa

Paa la zahanati ya mtaa wetu lilianza kuvuja masika ya mwaka juzi, na ombi la kulikarabati limeingia katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka Septemba iliyopita tu. Katika muda huo wote sikukutana na afisa hata mmoja aliyelikataa. Kila niliyemwendea alikubali kwamba paa linavuja, akasikitika, akanielekeza mlango wa pili. Nilichelewa kwa sababu nilifika na karatasi sahihi katika mwezi usio wake, na mwezi huo haujabandikwa kwenye ukuta wa mapokezi yoyote niliyoyaona.

Kabla ya kuandika lolote, hakikisha jengo ni la nani. Kwa mujibu wa Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010, zahanati, vituo vya afya, chekechea, masoko na mifereji ya maji ya mvua ni mzigo wa kaunti, ilhali shule za msingi na za sekondari ni za serikali ya kitaifa. Darasa la chekechea lililomo ndani ya ua wa shule ya msingi lina wenyewe wawili, kwa hivyo barua yake ipelekwe kote kuwili. Wenye mashamba Kwale au Kilifi wanaotaka lambo la huko lizibuliwe wapeleke ombi katika kaunti hiyo, hata kama waombaji wote wanalala Likoni. Tuta la bwawa nalo lina Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo idhini yake hutangulia jembe.

Barua yenyewe haina ugumu: jina la jengo, wadi, tatizo, sahihi za wakazi. Iandikie idara inayosimamia jengo, na nakala zake zimwendee msimamizi wa wadi na mwakilishi wa wadi. Kifungu cha 88 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mwananchi haki ya kuwasilisha ombi, na ukikitaja katika mstari wa kwanza utaona karani anavyokaa sawa kitini.

Palipoziteketeza fedha zangu ni kwenye makadirio. Nililipa shilingi 6,000 kwa fundi anayeheshimika ili aandae orodha ya kazi na gharama zake, ile ambayo wote huiita BQ, nikaifunga vizuri kwa jalada la plastiki. Ilirudishwa kabla jalada halijafunguliwa, kwa maelezo kwamba makadirio ya jengo la umma huandaliwa na maafisa wa ujenzi wa serikali wenyewe. Basi usimlipe mtu. Andika barua ya pili, fupi, ya kuomba ukaguzi, kisha uifuatilie kila wiki. Siku mkaguzi atakapokuja, uwepo. Mimi nilikuwa nimejiandaa na picha za ndoo sita zilizopangwa chini ya matundu, lakini hakuzitazama. Alikwenda varandani, akachokoa boriti kwa ufunguo wa gari, na kipande cha saruji kikubwa kama kiganja kikaanguka miguuni pake, kikaacha nondo iliyovimba kwa kutu ya chumvi ya bahari. Hapo ndipo alipotoa daftari. Mabati yanayovuja ni kero, ila boriti inayomeguka juu ya vichwa vya wagonjwa ni hatari, na ripoti yenye neno hilo husomwa.

Mwulize pia, kabla hajaondoka, kazi hiyo ataiandika katika fungu gani. Kubadilisha mabati machache na kupaka rangi ni matengenezo ya kawaida, na idara inaweza kuyalipia kutoka katika matumizi yake ya kila siku bila mradi wowote kupitishwa. Kuvunja boriti na kuimwaga upya ni maendeleo, nayo hufuata kalenda nzima ya bajeti. Tulipozitenganisha kazi hizo mbili, mabati yalibadilishwa ndani ya miezi mitatu.

Kalenda yenyewe imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kabla ya 28 Februari, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mimi nilifika Mei, maji yakitiririka, wakati makadirio yalikwisha kukabidhiwa. Nikasubiri hadi Februari, nikaenda katika kikao cha maoni ya umma, nikasimama foleni ya kipaza sauti kwa saa mbili, nikaambiwa kwamba hapo hujadiliwa viwango vya fedha vya kila idara, na kwamba mradi usiokuwemo katika mpango wa Septemba hauna pa kuingilia. Methali ya ufa na ukuta ilitajwa mara tatu katika kikao hicho, zote na waliokaa meza kuu. Kwa hivyo piga picha Mei, omba ukaguzi Juni, na ombi kamili lenye ripoti liwe mezani mwa idara kabla Julai haijaisha.

Kila karatasi unayoiacha, baki na nakala yenye muhuri na tarehe. Ukinyamaziwa, omba taarifa kwa maandishi chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Na hata baada ya ombi kuingia katika mpango, lisome tena jina la jengo katika kila waraka unaofuata: letu lilitokea katika rasimu ya Februari likiwa limehamishiwa wadi ya jirani, pamoja na boriti yake.