Unataka kufunga sola home Mbeya? Soma hii kwanza

Kabla hujakimbilia Mwanjelwa kununua paneli, panda juu ukacheki paa. Nyumba nyingi za huku Uyole na Iyunga kenchi ni za mbao, na kama mbao imeshaliwa na wadudu usimruhusu fundi apige boliti hapo, badilisha kwanza, maana paneli moja kubwa inafika kilo 20 na upepo ukiingia chini yake inavuta bati zote. Boliti zishike kwenye papi (zile mbao za juu ya kenchi zinazobeba bati), sio kwenye bati tupu, halafu kila tundu lipakwe silikoni, mvua za huku zinaanza Novemba mpaka huko Mei.

Ukiwa umepanga ongea na mwenye nyumba, tena muandikishane. Kama unajenga stendi mpya ya paneli au unainua paa, pitia halmashauri uulizie kibali cha ujenzi.

Paneli zielekee kaskazini, sisi tupo kusini ya ikweta, mlalo wa digrii 10 hadi 15 unatosha na mvua inasafisha vumbi yenyewe.

Sasa hapa ndo watu wanazingua. Una umeme wa TANESCO na sola pia? Weka chenji ova (swichi ya kuchagua TANESCO au sola, visiingie pamoja), usiunganishe inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa TANESCO) kwenye waya za luku kienyeji, umeme wa TANESCO ukikatika, wa kwako unarudi kwenye laini na fundi aliye juu ya nguzo anapigwa shoti. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya kudhibiti nishati na maji), mwambie akuonyeshe, asikasirike bana. Na waya wa ethi (unaopeleka umeme ardhini) usisahau, radi za Mbeya mnazijua.