Namna ya kupata neno sahihi la Kiingereza kwa kila aina ya uzio

Ukiiandikia programu ya tafsiri neno "ua" peke yake, huenda ikakuletea ua la waridi, kitendo cha kuua, au uwanja wa nyuma ya nyumba. Tumia "uzio". Hata hivyo utapewa "fence" tu, na kwa "fence" pekee muuza vifaa hajui akutolee nini ghalani.

Anza na kitu uzio ulichojengewa. Ukiwa wa matofali, mawe au zege, ni "wall", hata kama kazi yake ni kuzunguka kiwanja tu. Ukizunguka eneo zima ni "perimeter wall" au "boundary wall". Michongoma inayopunguzwa kwa mkasi ni "hedge". Minyaa iliyoachwa isongamane shambani, watu wa kilimo huiita "live fence". Matawi ya miiba yaliyolundikwa kuzunguka mifugo ni "thorn fence", na eneo lenyewe liite "boma": kamusi za Kiingereza zimeshalipokea, halina haja ya tafsiri. "Kraal" ni la Afrika Kusini.

Kwenye mbao ndiko wengi hukosea. Tazama nafasi na kimo. Mbao nyembamba zilizosimama, zimeachiana nafasi na zinafika kiunoni, ni "picket fence". Zikibanana na kumzidi mtu kimo, Mmarekani husema "privacy fence", Mwingereza "close-board fence". Nguzo zenye mbao mbili tatu za kulala ni "post-and-rail". Magogo yaliyochongwa ncha na kuchimbiwa bega kwa bega ni "stockade" au "palisade", ila angalia: ukiagiza "palisade" Uingereza au Afrika Kusini leo, yaelekea utaletewa vyuma vyenye ncha. Fito zilizosukwa ni "wattle fence", ingawa "wattle" pia ni ule mti wa mwati. Mabati yanayozungushiwa jengo linapojengwa, Uingereza ni "hoarding", neno ambalo hukohuko ni bango la matangazo pia.

Waya una majina mengi, na kosa lake lina gharama. Seng'enge ya miiba ni "barbed wire". Ile yenye vipande bapa vikali kama wembe ni "razor wire". Kwa wavu, shika pale nyuzi zinapokutana. Zikiwa zimepindana tu, matundu yana umbo la almasi na wavu wote unakunjika, ni "chain-link". Zikiwa zimechomelewa na matundu ni ya pembe nne zilizonyooka, ni "welded mesh". Fundi akipewa cha pili badala ya cha kwanza, hawezi kukivuta kikakaza kwa njia ileile.

Mistari ya waya huhesabiwa kwa "strand", na ikitangulia jina haichukui "s": "a five-strand barbed-wire fence". Nguzo ya kona inayobeba mvuto wote ni "strainer post" kwa Waingereza, "corner post" kwa Wamarekani. Mti wa kuiegemeza ni "strut" au "brace". Ukitaka vifaa kwa mita, andika "fencing", kama "100 metres of fencing", maana "100 fences" ni nyua mia nzima.

Geji, yaani namba ya unene wa waya, nayo huwachanganya watu: namba ikipanda, waya unakuwa mwembamba. Kwa kipimo cha Uingereza, geji 12 ni milimita 2.64, geji 16 ni 1.63. Kipimo cha Marekani cha AWG, ambacho hasa ni cha nyaya za umeme, ni kingine, na geji 12 yake ni milimita 2.05 tu, kwa hiyo kwenye oda andika milimita pembeni ya geji.

Kabla ya kutuma, tafuta picha kwa neno ulilochagua, ukiongeza "UK" au "US" kulingana na anayekusomea. Picha kumi za kwanza zisipofanana na uzio wako, rudi kwenye kimo na nafasi.