Anzeni na Waitikiaji: Namna ya Kuandaa Wimbo wa Kale wa Kundi la Wasichana kwa Usiku wa Kupamba

Kabla hamjaimba hata neno moja, pigeni meza. Hesabuni moja hadi nne kwa mwendo wa mtu anayepunga upepo jioni kando ya bahari: kiganja kianguke kwa uzito kwenye moja, kianguke tena katikati ya mbili na tatu, kisha kwenye tatu yenyewe, na ikifika nne mwenzenu agonge sinia kwa kijiko, mara moja tu, kwa nguvu. Rudieni hivyo mpaka mikono izoee. Huo ndio mdundo ambao mpiga ngoma Hal Blaine aliufungulia wimbo "Be My Baby" wa The Ronettes katika studio ya Gold Star mjini Los Angeles mwaka 1963, na umeigwa na wanamuziki wengi kiasi kwamba wasichana ninaowafundisha huutambua papo hapo, ingawa wengi wao hawajui wameusikia wapi.

Mwongozo huu nimewaandikia vikundi vya wasichana wanne au watano wanaoalikwa kuimba katika usiku wa kupamba hapa Mombasa, pale ambapo bibi harusi, baada ya taarab na chakacha, anataka pia wimbo mmoja au miwili ya yale makundi ya wasichana wa Marekani ya miaka ya 1960. Maombi hayo nimeyapata mara nyingi kuliko nilivyotarajia, na wanaoomba si nyanya zao bali ni mabinti wenyewe, waliozaliwa miaka mingi baada ya sahani hizo za santuri kuacha kuuzwa. Ukiwauliza wanapenda nini, mmoja atakwambia mahadhi ni matamu, mwingine atasema nyimbo ni fupi na hazichoshi, kwa kuwa karibu zote huisha kabla ya dakika tatu. Ni kweli, lakini nyimbo tamu na fupi zilizosahaulika ni nyingi mno. Ninavyoona mimi, kinachozidumisha hizi ni kwamba mwimbaji hayuko peke yake: anaitoa siri ya moyo wake mbele ya wandani wake, nao wandani wanamjibu, wanamhoji, wanamsukuma aendelee. Msikilizaji huingia katika mazungumzo hayo kama mtu aliyeketi nao mkekani. Karibu kila ninaloshauri hapa chini linatokana na jambo hilo.

Kuchagua wimbo

Chagueni wimbo kwa kuangalia kazi ya waitikiaji, wala msitazame kwanza sauti ya kiongozi. Kwa kikundi kinachoanza mimi hupendekeza "He's So Fine" wa The Chiffons, wa mwaka 1963, kwa sababu waitikiaji ndio wanaoufungua kwa silabi zisizo na maana yoyote, na msichana mwenye haya huona ni rahisi kuanza na silabi zisizo na maana kuliko kuanza na neno "nakupenda" mbele ya shangazi zake. Mahadhi ya wimbo huo hunata kichwani kwa namna ya ajabu: mwaka 1976 mahakama ya Marekani iliamua kwamba George Harrison, aliyekuwa wa The Beatles, aliyatumia katika wimbo wake "My Sweet Lord" bila hata yeye mwenyewe kufahamu kwamba anayanakili.

Wimbo wa pili ninaoupendekeza ni "Please Mr. Postman" wa The Marvelettes, wasichana waliotoka shule moja katika mji wa Inkster, Michigan, ambao mwaka 1961 waliipatia kampuni ya Motown wimbo wake wa kwanza kufika nambari moja katika orodha kuu ya Marekani. Hapa kuna shida ya uelewa ambayo sharti muitatue mapema. Msichana wa leo hajawahi kumsubiri mtu wa posta. Hata wazazi wetu barua walizifuata wenyewe katika sanduku lao, hazikuletwa mlangoni. Nilipowaeleza wasichana wangu kwamba anayeimba anangoja barua, waliimba kama watu wanaosoma tangazo. Nilipowaambia wafikirie ujumbe wa simu uliokaa siku tatu na tiki mbili za kijivu, zisizogeuka buluu, mmoja wao aliguna, na kuanzia hapo wimbo ulikuwa wao.

Kwa harusi wengi hukimbilia "Chapel of Love" wa The Dixie Cups, uliofika nambari moja mwaka 1964. Unafaa kwa furaha yake, ila unataja kanisa tangu jina lake, kwa hiyo mwulizeni mwenye shughuli kabla ya kuufanyia mazoezi, kwa maana nyumba nyingine watacheka tu na nyingine hawatapendezwa. Na "Will You Love Me Tomorrow" wa The Shirelles, pamoja na uzuri wake wote, unauliza kama mapenzi ya usiku huu yatakuwapo kesho. Mama wa bibi harusi anaweza kuukunjia uso. Mimi huuimba hata hivyo iwapo ukumbini kuna wazee waliokulia katika taarab, kwa kuwa wao wamezoea mashairi yenye ndimi mbili na huuelewa upesi kuliko vijana.

Kusikiliza kabla ya kuimba

Usikilizeni wimbo mara tatu, na kila mara mfuate kitu kimoja tu. Mara ya kwanza mfuateni kiongozi. Mara ya pili jilazimisheni kumsahau kabisa, mkawasikilize waitikiaji peke yao, na kila mmoja aandike kwenye karatasi wanafanya nini mstari kwa mstari: wanarudia neno lake, wanamuuliza, wanamshikia sauti ndefu chini, au wamenyamaza. Mara ya tatu fuateni ngoma na makofi.

Karatasi ya mara ya pili ndiyo yenye faida kubwa, na itawashangaza kwa jinsi itakavyofanana na mambo mnayoyajua. Mtu aliyesikia vugo, kina mama wakigonga pembe na kuitikia, au aliyezisikia kanda za Zuhura Swaleh, ambaye taarab yake ilibeba mdundo wa chakacha, hahitaji kufundishwa kwamba kiitikio ni nusu ya wimbo. Tofauti ni kwamba katika nyimbo hizi za Marekani waitikiaji hawangoji ubeti uishe, bali hudakia katikati ya sentensi, kama rafiki asiyeweza kuvumilia.

Tazameni pia makundi yenyewe yalikuwa ya watu gani. The Ronettes walikuwa Veronica na Estelle Bennett, ndugu wa tumbo moja, pamoja na Nedra Talley, binti wa ndugu wa mama yao. The Dixie Cups vilevile walikuwa ndugu wawili na jamaa yao. The Shirelles walijuana shuleni huko Passaic, New Jersey. Walikuwa watu waliozoea kukatizana maneno tangu udogoni, na ndiyo maana ninawashauri mkusanye kikundi kutoka kwa wasichana wanaozungumza tayari, hata kama mwenye sauti nzuri zaidi mtaani hayumo.

Mazoezi

Hapa niseme kosa langu. Kikundi changu cha kwanza nilikifundisha kinyumenyume: nilitumia majuma mawili kumnoa kiongozi, katika sebule ya ghorofani Kibokoni, kati ya sala ya alasiri na magharibi, huku wengine watatu wakiketi kwenye mkeka wakipepea na kuchezea pindo za leso. Waitikiaji niliwapa siku mbili za mwisho, nikiamini kwamba "aa" na "oo" hazina kazi. Usiku wa kupamba kiongozi aliimba vizuri sana, na wale watatu waliingia kila mmoja kwa wakati wake, wakitazamana. Shangazi mmoja aliniambia kwa upole kwamba mtoto ameimba kama yatima. Sijapata kusikia maelezo bora ya kosa hilo.

Tangu siku hiyo juma la kwanza kiongozi haimbi. Anakaa na wenzake, anaitikia nao, mpaka kiitikio kisimame chenyewe bila yeye, na wimbo utambulike kwa kiitikio tu. Kisha ndipo anapoinuka.

Kuhusu sauti, fahamuni kwamba mwitikio wa taarab kwa kawaida huimbwa kwa sauti moja, wote pamoja, ilhali rekodi hizi zina sauti mbili au tatu zilizopangana. Msichana aliyelelewa katika kasida za madrasa hatapata shida ya pumzi wala ya kushika mahadhi, lakini ukimwambia aimbe noti isiyo ya mwenzake atamfuata mwenzake baada ya mstari mmoja. Aliyetoka katika kwaya ya kanisa atagawanyika bila taabu, na kama mnaye mmoja, mwekeni katikati. Msigawane sauti wimbo mzima. Imbeni pamoja kwa sauti moja, na mgawane kwenye neno la mwisho tu la kila mstari, mkilishika kwa hesabu nne. Neno hilo likiwa imara, rudini nyuma neno moja, kisha jingine. Kikundi changu cha sasa kilichukua jioni sita kufika mwanzo wa mstari, na katika nyimbo mbili hatukufika kabisa, wala hakuna aliyelalamika.

Shusheni pia ufunguo wa wimbo, yaani kimo cha sauti unakoanzia. Wasichana wetu wengi huimba kwa sauti ya kifuani, na wimbo uliorekodiwa juu utawafanya wapige kelele. Tafuteni noti ya juu kabisa ya kiongozi kwenye kinanda cha simu, mshuke hatua mbili au tatu mpaka aimbe noti hiyo akiwa anatabasamu.

Na maneno? Sipendi kutafsiri ubeti mzima. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mahadhi yaliyotungiwa Kiingereza hukaza kwingine, hivyo neno letu huvunjika mgongo. Kinachofaa ni kumwachia kiongozi Kiingereza chake na kuwapa waitikiaji maneno mafupi ya kwetu. Badala ya silabi tupu, wasichana wangu huitikia "tuambie, tuambie", silabi nne na nne, mkazo ukikaa panapotakiwa, na mara nyingi wageni huwa wamekwisha kuyaokota kabla ya ubeti wa pili.

Vyombo, maikrofoni na mikono

Msikodi bendi. The Dixie Cups walirekodi "Iko Iko" wakicheza tu studioni, wakigonga visahani vya majivu ya sigara kwa vijiti vya ngoma, bila kujua kwamba mtambo ulikuwa ukinasa. Katika "Where Did Our Love Go" wa The Supremes, wa mwaka 1964, kinachosikika mwanzoni ni vishindo vya miguu juu ya mbao. Sinia, kijiko, makofi na tari moja vinatosha, mradi makofi yaangukie kwenye mbili na nne, na apewe kazi hiyo mtu asiyeimba.

Maikrofoni ni jambo la kushughulikia kabla wageni hawajafika. Katika shughuli ya wanawake fundi wa mitambo hupanga spika zake kisha hutoka nje ya pazia, na akishatoka hakuna wa kumrudisha. Nasi siku moja tuliimba wimbo mzima spika ikipiga mbinja. Kwa hiyo jaribuni akiwa bado ndani. Kiongozi awe na maikrofoni yake, na waitikiaji wote washirikiane moja, wakisimama kwa nusu duara, mabega yakigusana, urefu wa mkono kutoka kwenye maikrofoni. Mwenye sauti kubwa ndiye arudi nyuma. Msiwaambie wengine wapaze.

Mikono ipewe ishara moja tu katika wimbo mzima. The Supremes, waliofikisha nyimbo 12 kwenye nambari moja Marekani, wanakumbukwa kwa kiganja kilichonyooshwa mbele katika "Stop! In the Name of Love" wa mwaka 1965, na ishara hiyo inaonekana hata mtu akiwa amevaa dera pana. Kiuno kiacheni kwa ajili ya chakacha.

Jambo jingine la haki: kabla ya kuimba tajeni majina yenu yote, waitikiaji kwanza. "He's a Rebel" wa mwaka 1962 ulitoka kwa jina la The Crystals, ilhali walioimba ni Darlene Love na wenzake wa The Blossoms.

Hatimaye kuna mwisho wenyewe, ambao rekodi haiwafundishi, kwa kuwa nyingi kati ya hizi hufifia tu mpaka zinapotea, nanyi hamwezi kufifia mkiwa mmesimama mbele ya watu. Kiongozi anyamaze wa kwanza. Waitikiaji waendelee mara mbili, kila mara wakipunguza sauti, mpaka libaki pigo la meza na sinia. Pigeni mzunguko mmoja mtupu, na kwenye nne ya mwisho shikeni sinia kwa kiganja ili lisilie. Vigelegele vikianza, tokeni upande wa pazia, kiongozi awe wa mwisho.