Parkinson na mifupa: dagaa ale, ila kidonge kitangulie

Jamani mnaokaa na mzee mwenye Parkinson, tunahangaika na mikono kutetemeka tu mifupa tunaisahau, wakati huu ugonjwa unamfanya mtu atembee kidogo, akonde, ashinde ndani hapati jua, mifupa inadhoofika taratibu na siku akidondoka ni nyonga hiyo.

Mimi niko na baba hapa Ujiji. Chakula kwetu Kigoma sio shida, dagaa wapo, na kalsiamu iko kwenye ile miba kwahiyo aliwe mzima (nyie mnaotoa vichwa mnatupa mali, osha tu mchanga). Kwa umri wao ni kama miligramu 1,000 mpaka 1,200 kwa siku, ongezea mtindi na mchicha.

Sasa hapa ndo tunakosea wengi: dagaa ni protini, na protini inagombania njia na levodopa, kile kidonge chake cha Parkinson. Akimeza kidonge na sahani ya dagaa iko mbele yake, dawa inachelewa, anaganda katikati ya uwanja, chini. Yaani chakula cha mfupa ndo kinavunja mfupa! Kidonge kwanza na maji, nusu saa mpaka lisaa, ndo ugali uje. Tumbo likimchafuka mpe kipande cha muhogo, sio maziwa. Vidonge vya kuongeza damu navyo vikae mbali na levodopa, masaa mawili hivi.

Jua: kiti nje asubuhi, mikono na miguu wazi. Vitamini D ya vidonge muulize daktari.

Kuamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda achezeshe miguu, maana presha inashuka akisimama ghafla. Kopo la mkojo liwe jirani usiku. Kandambili tupa. Baba huwa anagandia kizingitini, miguu kama imepigiliwa misumari, ukimvuta anakuja mzima mzima, kwahiyo nikachora mistari ya chaki sakafuni, namwambia "baba, vuka mstari", mguu unanyanyuka. Wajukuu nao wanarukia humo humo, kila jioni nachora upya.

Akiandikiwa kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki, ni asubuhi tumbo tupu, glasi nzima ya maji, akae wima nusu saa. Kama huwa anapaliwa, mwambie daktari kabla hajaandika.

Na akianguka akasema kinena kinauma, msimsimamishe eti "tuone kama anatembea", wala msiite mtu wa kukanda. Mwacheni alale hivyo hivyo mtafute gari la kumlaza, bajaji hapana.